Maji Yanakoanzia: Siku Zetu Endebess, Chini ya Mlima Elgon

Alhamisi

Matatu ya Kitale ilijaa upesi, na jua lilipochomoza tulikuwa tumeshauacha mji wa Kisumu tukipanda kuelekea Kiboswa. Kando yangu ameketi shemeji, ndugu wa mke wangu, mtu wa Budalang'i. Huko kwao ndiko Mto Nzoia unakomalizia mwendo wake wa kilomita 257 na kuingia Ziwa Viktoria. Mei 2020 tuta la mto lilipobomoka, mama mkwe wangu alihamia shuleni yeye na mbuzi wake, na shamba lake la mihogo likabaki chini ya matope. Tangu siku hizo shemeji ana neno moja ambalo hulirudia kila tukikutana: "Shemeji, maji nimeyaona yakifika. Sijayaona yakianza."

Nzoia una vyanzo vyake katika milima ya Cherangani na Mlima Elgon. Tumechagua Elgon kwa sababu kuna hifadhi ya taifa ambamo mtu anaweza kupanda hadi penye ukingo wa juu kabisa, na kwa sababu ya Endebess. Wageni wengi wa hifadhi hiyo hulala Kitale, asubuhi wanaingia mapangoni, jioni wameshaondoka. Mimi nilitaka tulale kwenye mji ambao mlima ndio mwenyeji wake. Tumengoja Januari, maana mvua ikinyesha barabara za huko juu hazipitiki.

Njia yenyewe kila mtu wa magharibi anaijua: Chavakali, Jiwe la Kulia pale Ilesi, Kakamega, Malava. Kabla ya Webuye tukavuka daraja la Nzoia, shemeji akanyamaza, akageuza shingo hadi mto ukapotea. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa hata huu msimu wa kiangazi.

Kitale tulikula tu na kubadilisha gari. Ni mji wenye mambo yake: reli iliufikia mwaka 1926, kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzia hapa mwaka 1956, na kuna makumbusho ambayo watoto wa shule hawaachi kuja. Lakini siku ilikuwa inakwenda. Kutoka Kitale barabara ya kwenda Endebess hadi mpaka wa Suam sasa ni lami, na gari halikuchukua muda. Kushoto na kulia ni mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamelazwa, ng'ombe wameachiliwa ndani wajilishe, na trekta moja moja imeanza kupindua udongo kungojea mvua za Machi. Ardhi hii ndiyo hulisha Kenya ugali.

Mlima wenyewe unahitaji muda kuuona. Elgon hausimami kwa ncha moja ya kuonyeshwa kwa kidole. Ni mpana mno, kitako chake kina kipenyo cha kama kilomita 80, kwa hiyo ukiwa Endebess unaona mteremko unaoinuka polepole, msitu, kisha wingu, na unadhani umeisha hapo. Ni volkano iliyozimika, na wanajiolojia wanahesabu umri wake kwa zaidi ya miaka milioni 20, mzee kuliko Kilimanjaro na Mlima Kenya. Jioni wingu lilipoinuka kidogo tukaona kwamba kile tulichodhani ndicho kilele kilikuwa bega la chini tu.

Mama mwenye nyumba ya wageni, Msabaot wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alitupokea kwa chai na mablanketi. Shemeji akamkabidhi mfuko wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliotoka nao Port Victoria. Mama akaufungua, akanusa, akacheka kwa furaha: "Hii ni ya ziwani kweli, si ya gunia." Saa mbili usiku barabara ilikuwa kimya. Maduka yamefungwa, boda boda za mwisho zimepita, na baridi inateremka kutoka msituni hadi unaisikia kwenye mifupa ya miguu. Kwa mtu wa Kisumu baridi hii si mchezo. Sweta na kofia ya sufu si anasa hapa.

Ijumaa

Malipo ya kuingia hifadhini hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, wala fedha taslimu hazipokelewi getini. Fanya kazi hiyo jioni ukiwa mjini penye mtandao. Lango ni Chorlim. Upande huu wa Kenya hifadhi ilitangazwa mwaka 1968, na eneo lake ni kilomita za mraba 169. Waganda nao wana yao upande wa pili wa mlima, iliyo kubwa zaidi.

Askari wa wanyamapori tuliyepewa atutembeze ni kijana wa hapa hapa, anaujua mlima tangu akichunga ng'ombe wa baba yake. Ametupitisha kwanza kwenye msitu wenyewe: podo wenye vigogo ambavyo watu wawili hawawezi kuvikumbatia, mitarakwa yenye harufu ya penseli iliyochongwa, na ule mti mgumu ambao watu huuita tiki ya Elgon ingawa ni jamaa ya mzeituni. Mbega walikuwa wametulia juu, manyoya meupe yakining'inia. Huku chini msituni palikuwa na unyevu, na vijito vidogo vilivuka njia kila baada ya muda. Shemeji alisimama kwenye kila kijito. Aliinama, akatia mkono, akatazama vidole vyake. "Safi," akasema. "Hata mchanga hauna." Tulipofika cha tatu au cha nne hakusema tena, aliangalia tu na kuendelea.

Pango la Kitum nimelisoma tangu zamani, lakini kusoma ni kitu kingine. Linaingia ndani ya mlima kama mita 200. Mdomo wake ni mpana na mfupi, umefunikwa na majani, na ukishaingia hatua chache mwanga unabaki nyuma na harufu ya popo inakupokea. Mlima huu hupata mvua nyingi, na mvua hiyo kwa muda mrefu imekuwa ikiosha chumvi kutoka kwenye udongo. Majani ambayo tembo hula huku hayana chumvi ya kuwatosha. Lakini ndani ya mwamba wa majivu ya volkano chumvi za sodiamu zimebaki. Ndiyo maana tembo wa Elgon huingia pangoni usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, na kuchimba ukuta kwa pembe.

Askari aliwasha tochi na kuiinamisha karibu na ukuta, mwanga ukapita ubavuni. Hapo ndipo nilipoyaona. Ukuta mzima una mikwaruzo, mifereji ya upana wa vidole viwili au vitatu, mingine mirefu kama mkono wangu, yote ikielekea chini, mingine ikikatana. Ya juu zaidi ilikuwa kimo ambacho singeweza kukifikia. Kwenye mifereji mipya mwamba ni mweupe kidogo na unamenyeka kwa kucha, kwenye ya zamani umeshakuwa mweusi na laini. Nilipitisha kidole ndani ya mmoja, kuanzia juu hadi mwisho. Mahali pembe ilipokwama na tembo akaisukuma kwa nguvu, mfereji unapanuka na kuwa shimo dogo. Ni vizazi vingapi vya tembo vilivyosimama hapa gizani, mama akimwonyesha mwanawe, hata pango likafika kina hiki? Wapo wanaosema sehemu kubwa ya pango hili imechimbwa na wao. Nikiwa nimesimama pale niliamini.

Ndani zaidi kuna ufa mkubwa sakafuni, paa lilipoporomoka. Ndama wa tembo wamewahi kutumbukia humo na kufa. Askari alituzuia tusisogee. Alituzuia pia kugusa kinyesi cha popo, akatupa barakoa kabla ya kuingia. Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1980 na mwaka 1987 watu waliokuwa wameingia Kitum waliugua homa ya Marburg wakafa, na baadaye wataalamu wamevipata virusi hivyo kwa popo wa pango hili. Kwa hiyo vaa barakoa, funga viatu, usishike kuta penye kinyesi, nawa mikono ukitoka. Usikae humo muda mrefu kwa ajili ya picha.

Tembo hatukuwaona. Tuliona kinyesi kibichi mlangoni na nyayo kwenye tope. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza wengi, na waliobaki wakajifunza kuogopa binadamu mchana. Kwamba bado wanakuja, na kwamba bado wanajua njia, ni jambo la kushukuru, na wanaolinda mlima huu kwa mshahara mdogo na usiku wa baridi wanastahili shukrani hiyo.

Pango la Makingeny haliko mbali. Pango hili ni kubwa na zuri kuliko Kitum kwa macho, maana maji yanaanguka mbele ya mdomo wake. Mapango ya mlima huu hayakuwa ya wanyama peke yao. Wasabaot waliishi ndani yake na mifugo yao kwa vizazi, wakajikinga na baridi na wavamizi, na ng'ombe wakailamba chumvi hiyo hiyo. Babu wa askari wetu alizaliwa katika moja. Anasema hivyo kama vile mwingine angesema babu yake alizaliwa Kitale.

Jumamosi

Tumeondoka giza bado halijatoka, kwa gari la kukodi lenye nguvu ya magurudumu manne. Bila gari la namna hiyo usijaribu. Barabara inapanda kutoka msituni, inapita mianzi, kisha miti inakuwa mifupi na kuvikwa ndevu za kuvu za kijani, kisha inatoweka. Gari linakuacha kwenye kimo cha kama mita 3,500, na kuanzia hapo ni miguu. Tuliosimama pale tulikuwa mimi, shemeji, dereva aliyebaki akilala, na askari yule yule na bunduki yake, kwa kuwa nyati wapo.

Koitobos ni mojawapo ya vilele virefu upande wa Kenya, mita 4,222. Kile kirefu kuliko vyote, Wagagai, mita 4,321, kiko Uganda. Lakini mlima huu hautembelewi kwa sababu ya kilele. Unatembelewa kwa sababu ya kile kilicho katikati, kreta kubwa sana ambayo kingo zake ndizo hivyo vilele.

Mimea ya huku juu sikuwahi kuifikiria hivi. Senesio ni miti yenye shina nene na kichwa cha majani makubwa, na aina ya hapa imepewa jina la mlima wenyewe, Dendrosenecio elgonensis. Majani yake yakifa hayaanguki, yanabaki yamelifunika shina lote kama koti. Nilichomeka mkono kati ya majani makavu hayo na kukuta ndani kuna joto kuliko nje, wakati vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa upepo. Usiku majani mabichi ya juu hujikunja na kufunga kichipukizi cha katikati kisigandishwe na barafu. Kila siku mmea huu unapita kiangazi cha mchana na kipupwe cha usiku. Lobelia nazo zimesimama kati ya nyasi, ndefu, peke yake peke yake, na maji yametulia ndani ya majani yao.

Na maji. Hili ndilo nililotaka shemeji alione. Kwa macho huku juu hakuna mto. Kuna nyasi za mashungi, na kati ya shungi na shungi udongo mweusi uliojaa maji, unaodidimia ukikanyaga. Mvua na ukungu vinaingia humo, vinakaa, vinashuka kidogo kidogo. Mlima unashika maji yake na kuyatoa polepole, miezi yote, hata Januari ambapo mashambani hakuna tone. Shemeji alichuchumaa kwenye mahali ambapo uzi wa maji ulikuwa ukitoka chini ya jiwe, mwembamba kiasi cha kuzibwa kwa kidole gumba. Akauziba. Maji yakazunguka kidole na kuendelea.

"Ndiyo haya?" akauliza.

"Ndiyo haya, shemeji," askari akamjibu kabla yangu. "Haya yanaingia Mto Koitobos. Mto Koitobos unaingia Nzoia."

Kichwa kilianza kumwuma shemeji karibu na kreta. Kupanda kutoka Endebess hadi zaidi ya mita 4,000 kwa siku moja ni mwendo wa haraka kwa mwili wa mtu wa ziwani, na ushauri wangu kwa yeyote mwenye muda ni alale usiku mmoja kambini katikati ya njia. Askari alimpa maji, akamtazama macho, akasema tutafika ukingoni, kilele cha Koitobos tukiache. Hakuna aliyebisha.

Kwenye ukingo upepo ulikuwa mkali kiasi cha kutuinamisha. Mbele yetu kreta ilifunguka, bonde pana la rangi ya dhahabu na kijani, limezungukwa na kuta za mawe, na mbali sana upande wa pili ni Uganda. Ndani yake, chini kabisa, Mto Suam unakusanya maji ya kreta nzima na kutoka upande wa mashariki kupitia korongo, penye chemchemi za maji moto. Suam haurudi kwetu. Unakwenda kaskazini, unakuwa Turkwel, unaingia bwawa la Turkwel lenye mitambo ya umeme ya megawati 106, kisha Ziwa Turkana. Kwa hiyo pale tulipokuwa tumesimama, mvua ikianguka mgongoni kwetu itafika Budalang'i, halafu Ziwa Viktoria na Nile. Ikianguka miguuni mwetu, ndani ya kreta, itakwisha jangwani. Jiwe moja ndilo linaamua.

Nilimweleza shemeji hivyo, nikimpigia kelele sikioni kwa sababu ya upepo. Alisimama hapo muda mrefu akiangalia upande mmoja, halafu mwingine. Baadaye akaniambia alichokuwa akifikiria: kwamba miaka yote amekuwa akiulaumu mto, na mto una njia ndefu ya kupita kabla haujamfikia.

Jumapili

Leo hatukwenda popote, na katika siku zote hizi ndiyo ningeichagua kuirudia. Endebess siku ya Jumapili asubuhi ni watu waliovaa vizuri wakitembea polepole kwenda makanisani, nyimbo za Kisabaot na za Kiswahili zikisikika kutoka pande mbalimbali za mji, na baadaye watoto wakiuza karanga kando ya lami. Miguu inauma. Kichwa cha shemeji kimepoa.

Baada ya chakula cha mchana mama mwenyeji alitukalisha nyuma ya nyumba akaanza kutayarisha mursik, na sikuwahi kuangalia hatua zake zote kwa karibu. Kibuyu kimeoshwa na kukaushwa juani tangu jana. Alichukua kijiti cha mti wanaoutumia kwa kazi hii tu, akakichoma ncha hadi ikawa kaa jekundu, akakiingiza ndani ya kibuyu na kukisugua huku na huku ukutani, mkono wake ukizunguka bila kusimama, moshi mwembamba ukitoka mdomoni mwa kibuyu. Kisha akapiga kibuyu kwa kiganja kumwaga majivu yasiyoshika. Ndani kukawa kweusi kote. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakamiminwa, mfuniko ukafungwa. "Siku tatu, nne," akasema. "Hamtakuwepo. Nitawapa ya juzi." Ya juzi ilikuwa chachu, nzito, na vipande vidogo vya kaa vya rangi ya kijivu. Tuliinywa na ugali na mnavu.

Hapo ndipo mama na shemeji walipozungumza. Alimwuliza kuhusu mafuriko, naye akamweleza yote, tuta, shule, mihogo, mbuzi. Mama akasikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema: "Mwanangu, mvua ikinyesha hapa siku mbili mfululizo, mimi naangalia mfereji wa shamba langu. Ukiwa mwekundu najua udongo wangu unaondoka. Sikuwa nimefikiria unakwenda wapi."

"Unakuja kwetu, mama. Unafunika mihogo."

Wote wakanyamaza. Halafu mama akasimama na kutuita tumfuate shambani. Shamba lake liko kwenye mteremko, na kwa upana wake amepanda mistari ya nyasi za nepia. Pale mstari ulipo, udongo umerundikana upande wa juu hadi kiasi cha goti, na chini yake umebaki chini. Kila mwaka ngazi hii ya udongo inakua. Alikata mikaratusi iliyokuwa kandokando ya kijito kwa sababu ilikuwa ikikinywa, akapanda mianzi. Jirani zake si wote wamefanya hivyo. Juu zaidi, pale msitu ulipokatwa ili kulima viazi, mteremko ni mkali na hauna kinga yoyote, na ukitazama kutoka hapa kijijini unaona makovu mekundu kwenye kijani. Kwenye upande wa Uganda wa mlima huu huu, Bududa, Machi 2010, mteremko mzima uliteremka baada ya mvua nzito na kufukia vijiji. Watu waliokufa ni mamia. Watu wa Endebess wanaijua habari hiyo vizuri, wengi wana jamaa huko.

Nimefundisha jiografia shuleni, na nimechora kwenye ubao mara nyingi jinsi mto unavyobeba udongo kutoka juu na kuuweka chini. Sikuwahi kuwakalisha kwenye benchi moja mwenye udongo unaoondoka na mwenye shamba linalofukiwa. Mistari ile ya nepia ni kazi ya mama mmoja mwenye jembe, na mihogo ya Budalang'i inaihitaji kama inavyolihitaji tuta la serikali. Ningependa watu wa bonde la Nzoia, wa juu na wa chini, watembeleane hivi, si kwenye mikutano ya hotelini.

Miaka ya 2006 hadi 2008 mapigano ya ardhi katika eneo la Mlima Elgon yaliua watu na kufukuza maelfu kutoka makwao. Mama alilitaja kwa sentensi moja tu na hatukumsukuma. Alisema kwamba tangu wakati huo wageni waliogopa kuja, na kwamba sasa wanaanza kurudi, na kwamba akiona gari la wageni likisimama Endebess badala ya kupita anafurahi. Nimeandika hili kwa sababu aliniomba niliandike.

Jumatatu

Kabla ya kurudi tulikwenda Suam, mpakani, mwendo mfupi kwa matatu. Barabara hiyo sasa inaendelea upande wa Uganda hadi Kapchorwa, na biashara imechangamka: ndizi, viazi, mahindi, pikipiki zilizopakiwa hadi huoni dereva. Mto wenyewe, ule Suam tuliouona chini ya kreta, hapa ndio mpaka. Januari ni mdogo, unapita kati ya mawe. Upande huu Kenya, upande ule Uganda, na wanawake wa pande zote mbili wanafua nguo huku wakizungumza lugha moja, maana Wasabaot wa hapa na Wasebei wa kule ni ndugu.

Shemeji alimpigia simu mama yake kutoka pale. Nilimsikia akimweleza kwamba maji haya ya mbele yake hayaji kwao, yanakwenda Turkana, lakini yale ya nyuma ya mlima ndiyo yao, na kwamba ameyaona yakitoka chini ya jiwe. Kisha akamweleza kuhusu nepia. Mama mwenyeji alikuwa ametupa fungu la vipande vya nepia vya kupanda, vimefungwa kwenye gunia lenye maji, na sasa viko miguuni mwetu ndani ya matatu ya Kitale. Vitapandwa kando ya tuta, ng'ombe watalishwa, na mizizi itashika.

Kwa atakayetaka kwenda: kuanzia Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya kiangazi. Chukua tochi yenye nguvu na barakoa kwa ajili ya mapango, nguo nzito kwa ajili ya juu, na ulale Endebess angalau siku mbili. Ukipata muda, karibu na Kitale kuna Saiwa, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, yenye nzohe, swala anayeishi kwenye kinamasi. Sisi tuliipita kwa kuwa nepia isingengoja.

Tumekubaliana kwamba safari ijayo tutapanda kutoka kusini, kupitia Kimilili na Kapsokwony hadi kituo cha msitu cha Kaberwa, kisha tuufuate Mto Kuywa kutoka msituni hadi unapoingia Nzoia. Mama mkwe ameshatuma ujumbe kwamba safari hiyo naye yumo, na kwamba tumtafutie viatu.